Isale la Mpakani

Aghalabu litajwapo neno utamaduni, mawazo ya watu wengi hukimbilia ngoma, mavazi, vyakula na ngano za wazee. Hapana ubaya katika hilo, kwani hayo yote ni mali ya taifa. Mwalimu Julius Nyerere alipounda wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, alizungumzia ngoma zetu zilizokuwa zikisahauliwa, na maneno yake yalikuwa ya haki. Lakini upo utamaduni mwingine usiopigiwa makofi wala kualikiwa wageni. Huo ni ule wa namna watu wawili wanavyotumia uzio mmoja, wanavyopishana katika njia moja, na wanavyorudiana baada ya kukosana. Katika insha hii tunakusudia kuuzungumza utamaduni huo, na kwa kuwa hatupendi kuwasema wengine kabla ya kujisema wenyewe, tutaeleza pia kosa tulilolitenda sisi.

Ukisafiri katika nchi yetu na kuyaangalia makazi ya watu, utaona kwamba kila mahali wazee walikuwa na njia yao ya kusema, "Hapa ni kwangu, na pale ni kwako." Usukumani na sehemu nyingi za bara watu walipanda minyaa, mmea wenye utomvu mkali ambao hata ng'ombe hauthubutu. Wamaasai huuita mmea huo emanyara, na ndiko Ziwa Manyara lilikopata jina lake. Pwani, mnazi wenyewe ulikuwa shahidi, na hata leo si ajabu kukuta ardhi ni ya mtu mmoja na minazi iliyo juu yake ni ya mwingine, kila mmoja akijua haki yake na kuiheshimu ya mwenzake. Katika miji ya kale ya Waswahili, mwenye nyumba mbili zilizotazamana aliweza kuziunganisha kwa wikio, chumba kilichopita juu ya uchochoro. Juu palikuwa pake, lakini chini watu waliendelea kupita na mizigo yao kama kawaida.

Mambo hayo yote yanatufundisha jambo moja. Kwa wazee wetu, mpaka ulikuwa ni mapatano kati ya watu wawili wanaojuana. Mmea au mti uliopandwa pale ulikuwa ukumbusho wa mapatano hayo, na mapatano yalipovunjika, mmea peke yake haukuwa na nguvu.

Sisi tulizaliwa katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mwaka 1970. Huko mtu huishi katika kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, lililorithiwa kutoka kwa babu, na ambamo kwa desturi babu mwenyewe amezikwa. Kihamba kimoja hutenganishwa na kingine kwa masale. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, usiokufa upesi. Hata ukikatwa na kuachwa, kisiki chake huchipua tena. Lakini isale lina kazi ya pili. Katika mila za Wachaga, mtu aliyemkosea mwenzake humwendea na jani la isale kuomba radhi, na aliyeletewa isale hatazamiwi kukataa. Tulipokuwa watoto hatukulitafakari jambo hilo. Ni katika utu uzima tu ndipo tulipoanza kujiuliza kwa nini wazee walichagua mmea uleule uwe alama ya mpaka na uwe pia alama ya msamaha.

Mwaka 1979, tulipokuwa na umri wa miaka tisa, mvua kubwa ziliporomosha sehemu ya ukingo kati ya kihamba cha baba yetu na cha jirani. Masale yakaanguka. Jirani aliyapanda upya baba akiwa safarini, na alipoyapanda aliyasogeza kiasi cha hatua moja kuja upande wetu. Baba aliporudi alitembea pembezoni mwa mpaka mara mbili, akihesabu migomba. Hakusema neno siku ile. Siku ya tatu aliwaita wazee wanne.

Wazee wale hawakuuliza karatasi, kwani karatasi haikuwapo. Waliagiza jembe. Wakachimba taratibu pale ambapo baba alidai mpaka ulipita, na baada ya muda si mrefu wakavikuta visiki vya masale ya zamani, vimejipanga katika mstari chini ya udongo ulioporomoka. Mzee mmoja akamgeukia jirani yetu, akamwambia kwa upole kwamba ardhi imekwisha kusema. Jirani aliondoka bila kuaga. Kesho yake alfajiri tulisikia hodi. Alikuwa amesimama mlangoni na jani la isale mkononi, amelifunga fundo. Baba alilipokea kwa mikono miwili, akamkaribisha ndani, na pombe ya mbege ikaletwa.

Alipokwisha kuondoka tulimwuliza baba kwa nini hakudai fidia ya migomba miwili iliyokatwa. Baba akatujibu, "Mwanangu, mgomba hauji kumzika mtu. Huyu atakuja kutuzika." Maneno hayo tuliyaona mazito kupita akili yetu. Baba alifariki mwaka 1991, na mtu wa kwanza kushika jembe kuchimba kaburi alikuwa jirani yule.

Tumeyaeleza hayo kwa urefu ili msomaji ajue kwamba sisi hatukuwa watu wasiofundishwa. Tulifundishwa vizuri. Na baada ya kufundishwa, tulikosea.

Kazi ya serikali ilituleta Morogoro, mji ulio chini ya Milima ya Uluguru, na mwaka 2003 tulinunua kiwanja katika mtaa ambao ulikuwa haujapimwa. Nyuma ya kiwanja chetu palikuwa na nyumba ya mama mmoja mjane, Mluguru, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Alikuwa ameishi pale tangu kabla ya nyumba zetu kujengwa. Kutoka mlangoni kwake hadi barabarani kulikuwa na njia ya mguu, upana wake hatua mbili, iliyopita pembeni mwa kiwanja chetu. Aliyetuuzia alituonyesha njia ile, akatuambia, "Hii ni njia ya Bibi." Tukaitikia. Kwa miaka kumi na minne Bibi alipita pale akienda bombani, sokoni na kwenye misiba. Mara nyingi alituachia dirishani fungu la matembele au magimbi mawili. Nasi watoto wetu walipita kwake kuchuma mapera.

Mwaka 2017 mpango wa kurasimisha makazi ulifika katika mtaa wetu. Huu ni mpango mwema, na hatusemi neno kuulaumu. Wapima walikuja na vyombo vyao, wananchi wakatangaziwa siku ya kuonyesha mipaka, na kila mmoja akatakiwa kusimama kwenye kona za kiwanja chake pamoja na majirani zake. Siku ilipofika zamu yetu, Bibi alikuwa amepanda mlimani kwa ukoo wake, kwenye msiba. Mpima alituuliza kona ya nyuma iko wapi, nasi tukamwonyesha. Akauliza kama kuna njia inayopita hapo. Tukanyamaza kidogo, kisha tukasema kwamba watu hupitapita tu. Akaandika. Mawe ya mpaka, ambayo watu mitaani huyaita bikoni, yakazikwa, na njia ya Bibi ikawa ndani ya kiwanja chetu.

Yafaa tulitaje kosa hili kwa jina lake. Sisi ni watu ambao kazi yetu ya kila siku ni karatasi. Tulijua, kuliko jirani yeyote, kwamba kisichoandikwa siku ile kingekuwa kigumu kuandikwa baadaye. Hatukusema uongo mkubwa. Tulisema neno dogo lililopinda, na dola ikaliamini.

Mwaka uliofuata tulijenga ukuta wa matofali. Bibi alikuja akasimama kando, akawaangalia mafundi.

"Mwanangu, naona unajenga," alisema.

"Shikamoo Bibi. Ndiyo, ramani imetuonyesha kwamba kiwanja kinaishia hapa."

"Marahaba. Hiyo ramani imewahi kupita hapa na ndoo kichwani?"

Hatukuwa na jibu, naye hakungoja. Tangu siku ile akawa akizunguka nyuma, kwa njia ya ukingoni mwa korongo, hatua zaidi ya mia tatu hadi barabarani. Hakwenda kushtaki. Wakati ule Baraza la Kata lilikuwa bado na mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi, na huenda lingemsikiliza. Hakutugombeza wala hakututangaza kwa watu. Aliacha tu kuleta matembele. Mwenzetu wa nyumbani alikuwa akilitazama dirisha lile kila jioni, akatuambia siku moja, "Baba, tumepata hatua mbili za ardhi, tumempoteza mama." Tukamjibu kwa maneno ya sheria.

Usiku mmoja wa masika ya mwaka 2019, mvua ikinyesha, tulisikia sauti za watu nyuma ya ukuta. Wajukuu wa Bibi na vijana wa mtaani walikuwa wamembeba Bibi juu ya kitanda cha kamba. Homa ilikuwa imempanda, na bajaji ilikuwa ikingoja barabarani. Walikuwa wakizunguka kwa njia ya korongo, ambayo kwa mvua ile ilikuwa matope matupu. Tulimsikia mmoja akiteleza, kisha kishindo, kisha sauti ya kijana ikisema, "Hapa palikuwa na njia." Hakusema kwa hasira. Hatukuweza hata kuwafungulia mlango, kwa sababu ukuta ule haukuwa na mlango. Tulitoka na taa, tukazunguka mbio kwa mbele, na tulipowafikia walikuwa wamekwisha kumpakia. Usiku ule hatukulala. Tulikumbuka maneno ya baba, na tulijiuliza ni nani angetuzika sisi.

Mwenyezi Mungu alimjalia Bibi akapona, akarudi kwake baada ya siku tisa. Pembeni mwa baraza yetu tulikuwa na isale moja, chipukizi tulilolichukua kihambani mwa baba. Tulikata jani, tukalifunga fundo kama tulivyoona zamani, tukaenda. Bibi alikuwa ameketi juani, wajukuu wake wamemzunguka. Tukampa jani. Akaligeuzageuza.

"Hili ni jani gani, mwanangu? Dawa?"

Tukamweleza desturi ya kwetu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kumbe. Jani zuri. Lakini mimi jani la kwenu silijui. Mimi nasikia maneno. Umeleta jani, haya, lete na mdomo."

Ndugu msomaji, tulikuwa tumetumaini kwamba jani lingesema kwa niaba yetu. Jani ni jepesi kulibeba. Mbele ya wale wajukuu, ambao mmoja wao ndiye aliyeteleza korongoni, tukasema yale tuliyoyanyamazia mbele ya mpima: kwamba tulijua njia ile ilikuwa yake, kwamba tulioneshwa tangu siku ya kununua, kwamba tuliulizwa tukapindisha neno kwa kuwa yeye hakuwapo. Bibi alinyamaza muda mrefu. Hatimaye akamwambia mjukuu wake, "Nenda kampandie mzee jani lake." Mtoto akauliza alipande wapi. Bibi akamjibu, "Mpakani. Si ndiko linakokaa?"

Ukuta ulibomolewa juma lile lile. Tulikaa pamoja na mwenyekiti wa mtaa na majirani wawili, tukapima njia yenye upana wa mita mbili na nusu, ili bajaji ipite hadi mlangoni kwa Bibi. Tukaandika mapatano, pande zote mbili tukatia sahihi, Bibi akaweka dole gumba, na nakala ikapelekwa kwa wahusika ili ramani irekebishwe. Kurekebisha kulichukua miezi mingi na fedha zetu, na hilo lilikuwa halali yetu. Jani la isale peke yake halishiki mizizi, kwa hiyo tulikata chipukizi zima tukalipanda upande mmoja wa njia, na la pili upande wa pili.

Bibi alifariki mwaka 2022. Jeneza lake lilitoka kwa njia ile, limebebwa na watu sita bila kuinamishwa, nasi tulikuwa mmoja wa wale sita.

Sasa tuseme kidogo juu ya sheria, maana watu wengine hudhani kwamba mila na sheria ni mahasimu. Sivyo. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, ina sehemu nzima inayohusu haki ya mtu kupita au kutumia sehemu ya ardhi ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huo huo, iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake kubwa ni kuwasaidia wagombanao wafikie mapatano wanayoyakubali wote wawili. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Baraza la Kata likaondolewa mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi na kubakiziwa usuluhishi. Likishindwa kuwapatanisha watu katika siku thelathini, ndipo shauri laweza kwenda katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtu aweza kuyatazama mabadiliko hayo kwa macho ya mwanasheria. Sisi tunayatazama kwa macho ya yule mtoto wa mwaka 1979. Tunawaona wazee wanne na jembe moja, wakitafuta kisiki kabla ya kutafuta wa kumwadhibu.

Lakini baraza halina uwezo wa kuyajua yale ambayo jirani ameyaficha moyoni. Karatasi hubeba kile tunachoiambia. Zamani mpaka ulindwa na kumbukumbu za watu wengi: wazee, wanawake waliopita na maji, watoto waliochunga mbuzi. Leo kumbukumbu hiyo imehamia katika ramani, nayo ramani huandikwa katika saa moja, kwa maneno ya yule aliyekuwapo. Kwa hiyo uaminifu unaotakiwa leo ni mkubwa kuliko ule wa zamani. Jirani asipokuwapo siku ya kupima, sisi tuliopo ndio tunaopaswa kuwa mdomo wake.

Basi tunawausia wenzetu, hasa vijana wanaojenga sasa katika miji inayokua. Kabla hujachimba msingi wa ukuta, mwite jirani mtembee wote mpakani. Kama kuna njia, iandikeni wakati mngali mnaazimana chumvi, maana ikingoja ugomvi haitaandikwa kwa haki. Mti wako ukiinama kwake, mwulize kabla hajakuuliza. Mkikosana, nendeni kwanza ninyi kwa ninyi, kisha kwa wazee na mwenyekiti wa mtaa, na baraza liwe la mwisho. Wagombanao ndio wapatanao, walisema wahenga, lakini kupatana kuna gharama yake. Atakaye kupatana na alibebe jani, kisha na afungue mdomo.

Siku tuliyorudi kutoka msibani tuliketi barazani, tukaandika ubeti huu mmoja, nao tunauacha hapa uwe mwisho wa maneno yetu:

Jiwe lipo mpakani, li kimya halijasema,
Ushahidi wa moyoni, ndio wenye neno jema,
Andikeni ramanini, msingoje uhasama,
Njia hii ya jirani, ndiyo njia ya uzima.